Mkia wa Luhende

…hata mkia tu, Mama Luhende, anasema mwalimu Veneranda, amechuchumaa mbele yangu na mkono wake uko juu ya goti langu, kama vazi lote haliko karibu basi hata mkia tu, nitatuma mtoto akimbie nyumbani kwako sasa hivi, mlango umeufunga au umeuegesha, na mimi namtazama midomo, nasikia kila neno, ila jibu liko chini sana… mwalimu ni mtu mwema, siwezi kumlaumu, aliona haya kumsumbua mfiwa, akangoja, akangoja tena, akadhani vazi la Fisi liko salama ndani ya sanduku langu, na leo ndiyo siku yenyewe, wageni wa wilaya wamekwisha kaa kwenye viti, shuka limetundikwa kwenye kamba mbele ya darasa, na nyuma ya shuka yuko Fisi mpya amevaa shati la shule na kaptula, hana doa hata moja, hana mkia, na mchezo wote ni mkia, bila mkia hakuna mchezo, hilo hata mimi nalijua, mimi ndiye niliyeushona. Nilikata blanketi la kijivu, lile alilorudi nalo Ngollo kutoka kwenye mkonge Tanga kabla hatujaoana, blanketi letu la pekee, Ngollo akanung'unika siku nzima, akaniuliza tutajifunika nini wakati wa kipupwe, nikamwambia tutajifunika makofi atakayopigiwa mwanao, akacheka, siku hizo Ngollo alikuwa anacheka… madoa nikayapaka kwa masizi ya sufuria, mkia nikausokota kwa katani, na Luhende mwenyewe akatia kipande cha waya ndani yake ili usimame kila anapoinama. Mama, unanisikia, anasema mwalimu, namwambia ndiyo mwalimu, nakusikia, ngoja kidogo, na pale mbele Bernadeta, yule binti anayecheza Sungura, ametoka peke yake kupoteza muda, masikio yake ya karatasi yanaanguka anayarudisha, anasema ndugu wananchi, tuvumiliane, mgeni wetu rasmi amechelewa, gari lake limekwama kwenye tope, na watu wote wanacheka, maana gari la wageni limekwama kweli asubuhi hii pale mtoni na vijana wetu ndio walioenda kulisukuma, hata katibu wa wilaya anacheka, anajifuta macho kwa leso. Ndivyo mchezo ulivyo, wanyama wamelima shamba la pamoja, Fisi hakushika jembe hata siku moja, sasa kuna karamu ya mavuno na asiyelima hali, basi Fisi anavaa koti na kofia, anakuja kama mgeni rasmi kutoka wilayani, anapewa kiti, anapewa nyama ya kwanza, na mkia unatokeza nyuma ya koti, anaurudisha, unatokeza, anaukalia, unatokeza upande mwingine, mpaka Sungura anamuuliza, mheshimiwa, hicho kinachotikisika nyuma yako ni nini, na mwanangu alikuwa haharakishi, alikuwa anatazama juu kwanza, ananyamaza, watoto wanashindwa kuvumilia, ndipo anajibu kwa sauti nzito, ni mkanda wa suruali, ndugu, nimenenepa kwa kazi nyingi… walimcheka mpaka wengine wakalala chini, hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho, mwezi ule kabla ya mvua, kule shule ya zamani, kabla hatujahamishwa. Halafu malori yakaja. Tulitoka Usinge mpaka huku juu ya magunia, mvua ikitunyeshea, kwa ile njia ya wapagazi ambayo babu yangu aliipita na pembe ya ndovu begani, sisi tukaipita na kuku na mchi na sufuria, na babu alikuwa akitusimulia kwamba msafara ulikuwa na watu mbele na fisi nyuma, mpagazi akichoka anaachwa kando ya njia, hana hata kitambaa, na fisi walijua, walikuwa hawana haraka, nilikuwa mdogo, nilidhani ananitisha ili nilale. Luhende alilivaa lile vazi ndani ya lori, kwa baridi, halikuwa na kazi nyingine tena ila kuwa blanketi kama lilivyokuwa, na tulipofika nyumba hazikuwa na paa, fito tu, na siku ya pili akaanza kutetemeka, alitetemeka hivi kwamba ule waya wa mkia ukawa unagonga ukuta, ko, ko, ko, na mimi sikuwa na dawa wala maneno, nikataka tu acheke, nikamuuliza, mheshimiwa, hicho kinachotikisika nyuma yako ni nini, akatazama juu, meno yanagongana, nikadhani hakunisikia, halafu akasema, ni mkanda, mayu… ni mkanda. Hakusema kingine ila mayu, mayu, mama, mama, na adhuhuri ya siku iliyofuata hata hilo hakulisema. Mama Luhende, wageni wanaangalia saa, ananong'ona mwalimu, na mimi namwonea huruma, siku ile hakuwepo, alikuwa ameitwa semina Tabora, hakuona. Duka la kijiji halikuwa na nguo, si marekani, si kaniki, rafu tupu na chumvi, kanga yangu moja nimeivaa na nyingine imeharibika kwa maji ya mvua ndani ya lori, tulikuwa na mkeka tu. Nikasema nitamvua vazi nimfunge kwa kanga yangu, mimi nitajisitiri kwa gunia, Ngollo akanishika mkono, akasema mwache, udongo huu ni laini, msitu uko hapo, miiba ya kufunika kaburi hatuna ya kutosha, fisi wakija wakamfukua wakaona mwenzao, watapita, alilisema bila kucheka, nami nikamwacha, nikaukunja mkeka. Na mkia ukatokeza. Nikaurudisha, ukatokeza, nikaukunja, ule waya haukubali, tukafunga kamba, ukatokeza upande wa miguu, watu wamesimama pale na majembe, hakuna aliyethubutu kutazamana na mwenzake, na katekista Silasi alikuwa ameshika msalaba wa mbao, padri hafiki huku mpaka mwisho wa mwezi, akaniambia kwa upole, Paskazia, mtoto huyu alibatizwa, utamweka ardhini kama mnyama, siku ya mwisho kila mtu atafufuka na mwili wake, huyu atafufukaje, acha niukate. Akatoa kisu. Nikasema usiukate. Sijui kwa nini nilisema hivyo, mwanangu alikuwa amekwisha teswa vya kutosha, nadhani niliona ni kama kumkata yeye, na katekista akarudisha kisu, akasoma sala zote, hakuruka hata neno, lakini tangu siku hiyo kila Jumapili tukifika kwenye sala ya Nasadiki nasema maondoleo ya dhambi, halafu mdomo wangu unafunga, wenzangu wanasema ufufuko wa miili peke yao, maana naiona ile siku, naona wafu wamesimama mistari mirefu na nguo nyeupe, na katikati yao mtoto mwenye madoa ya masizi, malaika wanamtazama, wanaulizana nani amemleta huyu, na mimi ndiye niliyemleta, mimi mama yake ndiye niliyesema usiukate… rozari ngapi nimesali, Salamu Maria uliyemfunga mwanao kwa sanda safi, sisi duka lilikuwa na chumvi tu. Mkia, anasema mtoto mmoja mbele, mtoto mdogo kabisa, amechoka kungoja, na mwingine anaitikia, mkia, na sasa wote wanapiga makofi kwa mpigo mmoja, mkia, mkia, mkia, wanaukumbuka, hawa walikuwepo kule shule ya zamani, Fisi hajatoka nyuma ya shuka na wao wanauona, na Bernadeta kwa kukosa la kufanya anageukia shuka, anainama na masikio yake ya karatasi, anasema ile sehemu kabla ya wakati wake, mheshimiwa, hicho kinachotikisika nyuma yako ni nini, na watoto wananyamaza ghafla, wote, wanangoja, wanaacha ile nafasi aliyokuwa akiiacha yeye, ile ya kutazama juu, hakuna aliyewafundisha, na hakuna anayejibu, halafu wanacheka, wanacheka kama amejibu… Yesu wangu. Na mimi pale kwenye ile mistari mirefu sasa siwaoni malaika, nawaona watu tu, wengi, wote waliolala kando ya njia hii, wapagazi wa babu na mabega yao yamechubuka, watoto wa malori, wote na nguo nyeupe, wote sawasawa, na mimi nimefika nimechoka, nimezeeka, macho hayaoni vizuri, hilo ndilo sikuwahi kuliwaza, kwamba wote watakuwa sawasawa, nitampataje, nitaita Luhende na watageuka akina Luhende mia, na kule mbali kabisa, nyuma ya mabega ya watu, kitu kinatokeza, mtu anakirudisha, kinatokeza. Na mwenye kusimama mlangoni atamuuliza, lazima amuulize, nani angeona kile kitu asiulize, na mwanangu hataharakisha, atatazama juu kwanza, wote watanyamaza kumngoja, hata mabikira, hata watakatifu, halafu atamjibu Mungu kuhusu mkanda wake wa suruali… na sijui Mungu hucheka vipi, katekista hakutufundisha, lakini aliwaumba fisi kabla yangu, akawapa na mwendo ule. Nasadiki ufufuko wa miili, nasema ndani kwa ndani, na neno linapita, linauma likipita, lakini linapita. Katekista Silasi amekaa karibu na wageni, ameinamisha kichwa, anatazama mikono yake, yeye anajua mkia uko wapi, yeye na Ngollo na wale wa majembe, na kijiji kizima hakijasema neno hili mwezi wa tatu sasa, wakinikuta kisimani wanasema pole tu wanageuka, nilidhani ni aibu yangu, labda ni yao, labda na wao walitaka kucheka pale kaburini wakaogopa mpaka leo. Shuka bado limefungwa, kaptula ya Fisi mpya inaonekana kwa chini, miguu yake inasuguana, maskini, mtoto wa watu, mkono wa mwalimu bado uko juu ya goti langu, una chaki kwenye kucha, Mama Luhende, anasema, niambie tu uko wapi, kama umepotea niambie umepotea, nami nafungua mdomo, kuna kitu kinapanda ambacho sikijui bado kama ni kilio, nitamwambia haujapotea, mwalimu, nitamwambia polepole asishtuke, ameuvaa, mwalimu… ameuvaa mwenyewe.