Kundi Kavu

Fomu ilisema mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuomba kufanya utafiti chini ya mhadhiri. Wenzangu walioiwahi walipata maabara zenye mashine za kulia na kuwaka taa. Mimi niliijaza siku ya mwisho, nikapata mtama.

Mtama ulikuwa wa Daktari, mhadhiri anayeweza kutafuta miwani nusu saa nzima ilhali ameivaa. Ulipandwa kwenye vyungu arobaini, katika chumba cha mimea kwenye ghorofa ya chini. Vyungu ishirini vilimwagiliwa kila asubuhi. Ishirini vingine, vilivyoitwa kundi kavu, havikupewa hata tone baada ya siku ya kumi. Kazi yangu ilikuwa kupima majani kwa rula na kuandika daftarini, kwa wino, bila kufuta.

"Andika ulichokiona," Daktari aliniambia. "Ulichotamani kukiona kaandike kwenye barua za mapenzi."

Kundi kavu lilikataa kufa. Ilikuwa hivyo kwa miaka miwili, kila mtama ulipopandwa, na sasa ulikuwa umebaki mwezi mmoja Daktari akaitangaze mbegu hiyo kwenye kongamano, ili igawiwe wakulima wa sehemu zisizo na mvua. Nilijivuna sana, kana kwamba mtama ule niliuzaa mimi.

Ijumaa moja alasiri nilirudi kuchukua rula niliyoisahau. Nikamkuta msafishaji wa jengo ameegemeza fagio ukutani, ana kikombe cha chai kilichokatika mkono, anamwagilia kundi kavu chungu kimoja kimoja. Msafishaji huyo ni shangazi yangu, aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu. Nilijua anasafisha majengo matatu. Sikujua kwamba chumba hiki kimo.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Si unaona? Hawa wamesahauliwa. Wale wa kule wanakunywa kila siku, hawa hata tone. Nani ana roho mbaya hivyo?"

"Daktari."

"Basi mwambie amwogope Mungu."

Nikamuuliza alianza lini. Akasema mwaka juzi, nusu kikombe, kila Ijumaa.

Nyumbani nilimweleza yote. Nikiandika, huenda akafukuzwa kazi. Nilimwambia hivyo waziwazi. Yeye aliendelea kukunja nguo.

"Na usipoandika?"

"Daktari atasimama mbele za watu aseme uongo bila kujua. Halafu wakulima watapanda, na mtama utawafia shambani."

Akakunja shuka zima kabla ya kunijibu.

"Andika. Lakini uandike pia kwamba kikombe kilikuwa kisafi."

Usingizi ulinipaa. Jumatatu niliandika mistari mitatu, nikampelekea Daktari, nikakaa kwenye kiti karibu na mlango ili nisipate shida ya kutoka. Alisoma mara mbili. Akavua miwani, akaivaa tena, akasema, "Mwite."

Shangazi akaja na ndoo yake, akasimama wima.

"Ni mimi, Daktari. Huyu mtoto hakujua lolote."

"Kuna mtu yeyote aliyewahi kukwambia usimwagilie?"

"Hakuna."

Daktari akahesabu kwa vidole watu aliowahi kuwakataza. Alimweleza mkuu wa idara. Aliwaeleza wanafunzi. Alimweleza hata fundi wa madirisha. "Nilimsahau mtu mwenye ufunguo," akasema. "Kosa ni langu. Kazi yako iko palepale." Kisha akaandika barua ya kujitoa kwenye kongamano, pale pale. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu mzima.

Alipomaliza akauliza, "Kila Ijumaa? Hukukosa hata moja?"

"Sikukosa. Labda zile mbili za mwaka jana, nilipokuwa hospitali na huyu." Akaninyooshea kidevu.

Nilikuwa na homa ya matumbo. Nakumbuka kiti cha plastiki, na yeye juu yake kila nilipofumbua macho.

Daktari aliinuka ghafla, akashusha daftari la mwaka jana, akalifungua bila kutafuta ukurasa. Kwenye grafu, mstari wa ukuaji wa kundi kavu ulikwenda vizuri, ukaporomoka wiki mbili hadi karibu na sifuri, kisha ukapanda tena. Pembeni alikuwa ameandika: sababu haijulikani. Wanafunzi wawili walimaliza muhula mzima wakiitafuta.

Akanipa kalamu. "Andika sababu."

Nikaandika: Mmwagiliaji hakuwepo.

"Alikuwa wapi? Si unajua? Andika."

Nikaandika: Alikuwa amekaa kando ya kitanda changu. Chozi likadondokea kwenye wino, neno la mwisho likavimba. Nilitaka kulipangusa, Daktari akanishika mkono, akasema hatufuti.

Shangazi aliinama juu ya bega langu, akasoma polepole hadi mwisho.

"Sijaona habari za kikombe," akasema.