Aliyemlea Baba Kitabuni

Janine Entwistle alikuwa amekaa saluni, nywele zimepakwa rangi, anasubiri ikolee, pale msusi wake alipomwambia, "Hongera kwa dada yako. Nimeisoma hadithi yake mpaka nikalia. Kumbe mzee wenu kamuuguza yeye peke yake, maskini!"

Janine alidai aoshwe kichwa palepale, akatoka na nywele za rangi mbili, akaenda moja kwa moja maktaba kukiazima hicho kitabu.

Mimi ni jirani wa Janine na baba yake hapa Accrington, kaskazini mwa Uingereza, tunachangia ukuta. Jioni ile nilisikia sahani inavunjika, kisha nyingine. Nikaenda kugonga.

"Ingia," alisema. "Kaa hapo usikie upuuzi."

Kilikuwa kile kitabu cha kila mwaka, mkusanyiko wa hadithi fupi za waandishi wa Uingereza wa sasa, kinachosifiwa sana magazetini. Hadithi ya kwanza kabisa ilikuwa ya Gaynor, dada yake mkubwa anayeishi Manchester. Ilimhusu binti anayemuuguza baba aliyepigwa na kiharusi: anavyomgeuza kitandani, anavyokunja taulo na kupiga magoti juu yake akimwosha miguu, mzee anavyomtemea uji usoni. Halafu kuna mdogo mtu, mvivu, ananukia manukato, haonekani ila Krismasi. Krismasi moja anamwacha mzee bafuni, anakwenda kupiga soga kwenye simu, mzee anaanguka na kuvunjika nyonga.

Yote yale niliyajua. Yalitokea kweli, ila yalikuwa yamegeuzwa. Aliyeuguza miaka saba ni Janine. Wa Krismasi, wa manukato na wa simu ni Gaynor mwenyewe.

"Hilo la taulo nilimwambia mimi," Janine alisema. "Namlilia kwenye simu, yeye ananiambia, 'Ehe, endelea, mdogo wangu.' Kumbe mwenzangu anaandika!"

Mzee Clifford alikuwa kwenye kitanda chake sebuleni. Zamani alikuwa dereva wa basi. Kiharusi kilimchukulia mkono na mguu wa kushoto, ulimi kikamwachia.

"Nani kafa?" alifoka. "Mbona hamniwashii televisheni?"

"Nyamaza, Baba!"

"Nyamaza wewe! Nyumba yangu hii."

Janine akampigia Gaynor, simu akaiweka mezani ili na mimi nisikie.

"Ni hadithi tu, Janine," Gaynor alisema, mpole kama mwalimu wa chekechea. "Ni ya kubuni. Jina lako halimo hata mahali pamoja."

"Langu halimo. Lako limo! Limo juu kabisa, kwa herufi kubwa!"

"Naona hujalala vizuri. Tutaongea ukitulia." Akakata.

Alhamisi iliyofuata kitabu kilikuwa kinazinduliwa katika duka moja la vitabu Manchester. Janine aliniomba nimpeleke na gari langu la kubebea mazulia. Nilidhani anakwenda peke yake. Nikamkuta mlangoni na mzee kwenye kiti cha magurudumu, amevalishwa suti na tai, na mifuko miwili mikubwa miguuni pake.

"Na yeye?" niliuliza.

"Anakwenda kumsikiliza mwanawe."

Dukani watu walikuwa wamejaa, kila mtu na glasi yake ya mvinyo. Gaynor alikuwa mbele kwenye kipaza sauti, skafu ya hariri shingoni, ameshaanza kusoma. Alipotuona alipauka, lakini angeachaje kusoma mbele ya watu wote wale? Akaendelea. Alipofika kwenye kuosha miguu, mzee akapaza sauti.

"Uongo! Huyu hajawahi kunioshea hata kikombe!"

Baadhi ya watu walicheka wakidhani ni sehemu ya onyesho. Mhariri wa kitabu, bwana mwembamba aitwaye Tristram Pell, akaja kwa kunyata na kuinama. "Mzee wangu, maswali ni mwishoni."

"Mzee wako tangu lini? Mimi nilikuzaa wewe?"

Hapo Janine akasimama. Akakisukuma kiti mpaka mbele kabisa, akaitua mifuko kwenye viatu vya dada yake.

"Hizi nepi. Humu dawa. Kitunguu hali, kinamvimbisha tumbo. Umemlea vizuri sana kitabuni, sasa mlee na huku tunakoishi."

"Janine, usiniaibishe mbele za watu."

"Wewe umeniaibisha mbele ya nchi nzima."

Mtu mmoja nyuma akapiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha. Sisi wawili tukatoka, mzee tukamwacha palepale. Njiani Janine alicheka mpaka machozi, tukafika mji wa Bury bado anacheka. 

"Siku mbili," alisema tulipokaribia nyumbani. "Atakuja mwenyewe kwa magoti."

Gaynor hakuja. Alipiga simu asubuhi, anapiga kelele: "Vidonge vyeupe ni vya saa ngapi?"

"Si wewe ndiye uliyemuuguza kitabuni? Jiulize!" Janine akamkatia. Halafu akanigeukia. "Mwandikie wewe. Vyeupe ni baada ya kula. Usimwambie ni mimi niliyesema."

Wiki mbili zilipita, uvumilivu ukamwishia Janine, si Gaynor. Akaniomba tena gari.

Gaynor alitufungulia mlango nywele timtim, gauni la kulalia lina madoa ya supu.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kumchukua Baba."

"Mchukue! Mchukue sasa hivi, nakuomba."

Mzee alikuwa dirishani, samaki na chipsi mapajani, kopo la bia mkononi.

"Siendi," alisema.

"Baba, twende nyumbani."

"Siendi, nimeshasema. Huyu ananipa bia. Wewe umenilisha mboga miaka saba kama sungura."

"Nimekuweka hai, Baba!"

"Nani alikuomba?"

Janine alifungua mdomo, hakuna kilichotoka. Gaynor akaingilia haraka, "Baba, hapa huwezi kukaa. Nina kazi. Nina hadithi ya kumaliza."

"Andika. Nimekushika mkono?"

Ungedhani pale ndipo wangeungana, wawili dhidi ya mmoja. Wapi! Waligeukiana.

"Umemharibu kwa bia!"

"Wewe ndiye uliyemtupa kama paka!"

"Mwizi wewe!"

"Toka kwangu! Toka!"

Wakafokeana mpaka jirani wa chini akagonga dari, mzee katikati yao anatafuna chipsi. Tukaondoka bila yeye.

Mwaka huu mkusanyiko mpya umetoka. Nimeufungua maktaba, Gaynor hayumo. Nasikia Bwana Pell alimwomba hadithi, yeye akakosa hata ukurasa mmoja wa kumpa. Mzee yuko palepale dirishani, anatukana wapita njia, na mashavu yamemjaa.

Juzi barua ya Janine ililetwa kwangu kimakosa. Nikampelekea, mlango nikaukuta wazi. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mzee, kitanda cha wagonjwa walichoazimwa na halmashauri ya mji, ambacho hataki waje kukichukua, anabishana na baba yake kwa sauti, peke yake, anampa majibu yote ambayo kule Manchester yalimkwama kooni. Alikuwa anayapanga vizuri, anarudia neno moja mpaka likae sawa, kama mtu anayetunga hadithi.

Aliponiona akainuka.

"Unataka nini?"

Nikamwonyesha barua. Akaipokonya, akanisukuma nje kwa kiwiko, akaufunga mlango kwa ufunguo.