Lifti ya Kambi ya Juu

Jumanne moja ya Februari 1981, Peris Nakuam alifagia uwanja wa shangazi yake huko Kambi ya Juu, akapiga sketi pasi, akapeleka cheti chake ofisini. Kilikuwa cha ufundi wa lifti. Yeye aliomba kusomea pampu za maji, lakini nafasi iliyobaki kwa watu wa Isiolo mwaka ule ilikuwa ya lifti, na Isiolo hapakuwa na lifti hata moja.

Marete, karani wa ajira, alikisoma cheti mbele na nyuma. Peris alimweleza kwamba pampu ya maji ya Gotu, kijijini kwao, ilikuwa imekufa mwaka wa pili sasa, mama yake alikuwa akichimba mchanga kutafuta maji, na mota ni mota. Apewe spana tu.

"Pampu iko, dada," Marete akasema. "Lakini cheti yako inasema lifti. Ikikuja lifti, tutakuita."

Ikaja Alhamisi. Ilisimama kando ya banda la kuku, milango yake ya chuma imefungwa vizuri, bila jengo lolote. Shangazi alihamisha kamba ya nguo. Peris akaipaka grisi, akabonyeza kitufe, ikapanda angani polepole na kushuka salama. Mfugaji mmoja, Wario, akiwa huko juu aliwaona ngamia wake waliopotea, wako kwenye njia ya Merti. Akashuka, akashukuru, akawafuata. Kufikia Pasaka watu walikuwa wakipiga foleni tangu asubuhi.

Ofisi ikaipiga lifti muhuri wa serikali na kutangaza kazi ya mwendeshaji, mwenye miaka mitano serikalini. Peris hakuwa na hata siku moja. Kazi akapewa Kaberia, fundi wa pampu, ambaye alikuwa ameimaliza miaka hiyo mitano akingoja vipuri na gari la kumfikisha Gotu.

Siku ya kwanza Kaberia hakujua pa kuanzia, ikabidi Peris apande naye. Kule juu kabisa Gotu ilionekana wazi: pampu, na kando yake mama yake, amezama hadi kiunoni kwenye shimo, akiteka maji kwa kikombe.

"Hiyo ni washa tu imeisha, ile raba ya ndani," Kaberia akasema. "Kazi ya nusu saa."

Peris alijua. Alitaka kulia lakini machozi hayakuja. Kifua chake kilikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Mama aliinua uso, akawapungia mkono, akainama tena.

Kaberia akauliza sasa wabonyeze kipi. Peris akamwonyesha kitufe cha kushuka, kwa sababu chini foleni ilikuwa ndefu.