Vitu vya Nyumba Moja

Siku nilipojikwaa kwenye beseni nikaangukia ndoo, ndoo ikaangusha masufuria, na masufuria yakaamsha mtaa mzima, mwanangu wa kwanza alitoa maneno aliyokuwa ameyameza muda mrefu. Alisimama katikati ya sebule yangu, yaani pale palipobaki pa kusimama.

"Mama, hii si nyumba, ni ghala. Ama upange vitu vyako mtu apite, ama nikuchukue ukakae kwangu."

"Kwako wapi?"

"Kuna chumba nyuma."

Chumba chenyewe nakijua. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Kitanda, msumari wa kutundikia nguo, basi. Mkwe wangu ni mtu mwema sana, na hilo ndilo linalonitisha, maana mtu mwema hakuachii ushike hata kijiko. "Pumzika mama, pumzika mama," mpaka upumzike moja kwa moja.

"Nipe hadi mwisho wa mwezi," nikamwambia. "Ukirudi hutaijua."

Kweli hakuijua. Hata mimi sikuijua.

Nyumba yenyewe ni chumba, sebule na jiko la kugeukia. Vitu vyangu vilikuwa sakafuni kwa sababu sakafu haidai rafu. Chumvi chini ya kiti, mkasi ndani ya birika bovu, dawa zangu za presha kwenye kopo la biskuti karibu na mto. Nilivijua kwa miguu. Lakini amri ni amri, nikaanza kuokota. Mwenye duka alinipa kreti kuukuu za soda, nikazipanga juu kwa juu zikawa rafu ya viatu. Fundi wa rangi akanipa makopo yake matupu, nikayasugua, nikatia unga, sukari na maharage. Ngazi iliyovunjika kidato niliiegemeza ukutani nikatundika nguo. Nikajisifu. Kilichobaki ni kabati.

Ndipo nikaenda kwenye uwanja wa fanicha za mtumba kwa mzee tunayemwita Kucha. Anaitwa hivyo kwa sababu hanunui mbao kabla ya kuikwaruza kwa ukucha wa dole gumba aone kama ni mti kweli au ni vumbi lililogandishwa. Nililiona kabati la vyombo limesimama peke yake, limepakwa kijani cha jani changa, hadi ndani ya milango.

"Mama, hilo lina mguu mmoja mfupi," akasema.

"Hata mimi. Tutaelewana."

Tulipatana bei. Kisha jicho langu likaangukia kabati dogo la droo na meza, kijani kile kile, kila kimoja kona yake, kama ndugu waliogombania urithi.

"Na vile pia."

"Vile hapana. Umeshachukua kabati."

"Kwani vimepeana talaka?"

Kucha hakucheka. "Vitu vya nyumba moja siviuzi mlango mmoja, mama. Mjomba aliyenifundisha kazi hii hakufanya hivyo, na mimi sifanyi. Vikikutana vinakumbuka."

"Vinakumbuka nini?"

"Jinsi vilivyokuwa vimekaa."

Nikamuuliza vilikuwa vya nani. Akasema vya mama mmoja wa makamo yangu, mjane, hodari wa usafi, mtu ambaye hata kijiko chake kilikuwa na jirani yake maalumu. Watoto walimchukua akakae nao wamtunze. Hakuiona hata mvua iliyofuata. Wakafunga nyumba, wakauza vitu.

"Alikuwa anaumwa?"

"Hata mafua."

Ningekuwa na akili ningeondoka. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Lakini mimi, mtu akiniambia hiki hukipati, usingizi unahama. Nilimfuata jirani yangu, fundi cherehani.

"Shoga, nenda kaninunulie droo kwa Kucha. Jifanye ni zako."

"Kwani wewe umekatazwa?"

"Nimekatazwa na mtu mwenye makucha."

Akaenda huku anacheka. Meza nikamtuma mwenye mkokoteni, akasema ni ya mama yake mgonjwa, akapunguziwa na bei. Nikaona nimemweza Kucha. Kabati na meza nikaweka sebuleni, droo chumbani. Fundi cherehani akashika kiuno, akatazama. "Rangi moja kama sare za shule," akasema. Nikampa chai.

Kesho yake nilipofungua kabati, vikombe vyote vilikuwa vimegeuza mikono upande mmoja, kulia, kama watu waliopanga mstari. Nikamwita fundi.

"Wewe ndiye umenipangia vikombe?"

"Mimi? Mimi kwangu natafuta mkasi huku nimeushika."

Nikavigeuza. Nilipotoka uani kumwaga maji na kurudi, vilikuwa vinatazama kulia.

Basi ikawa hivyo. Chumvi ikahamia rafu ya juu. Sindano zikajipanga kwa urefu. Makopo yangu ya rangi, niliyoyasugua mpaka vidole vikachubuka, niliyakuta nje kando ya pipa la taka, na unga umo ndani ya mtungi ambao sikuwahi kuuona. Kreti zikafuata. Ngazi ikafuata. Katika vyote nilivyoleta mwezi ule, vya kijani tu ndivyo vilivyobaki ndani.

Mchana mmoja nilikaa kizingitini nachambua maharage, mgongo kwa sebule, jua la saa nane usoni. Nikasikia nyuma yangu kitambaa kinapita juu ya mbao, taratibu, kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Meza ilikuwa mbichi, imefutwa, na ule unyevu ulikuwa unakauka polepole kutoka pembeni kuja katikati, mpaka likabaki doa dogo kama kiganja, nalo likaondoka.

Nilisimama. Nikajikuta nasema, "Hodi." Mimi, mlangoni kwangu, mlango alioutia bawaba marehemu mume wangu. Sikujibiwa. Ila kuna ukimya wa chumba kitupu, na kuna ukimya wa mtu aliyeacha kazi ili akusikilize. Ule ulikuwa wa pili.

Nisingejali sana. Nimeishi na mama mkwe, sembuse mzimu. Lakini ndipo likaja suala la kapu. Niliamka asubuhi nikalikuta mlangoni, kapu langu la sokoni. Ndani mlikuwa na magauni yangu yamekunjwa, kitana, mtandio, na viatu juu yake vimefungwa kwenye gazeti visichafue. Nikatoa vyote nikavirudisha. Asubuhi iliyofuata vimerudi kapuni, safari hii na mswaki. Akufukuzaye hakwambii toka. Huku mwanangu anataka kunitoa nyumbani kwa upendo, huku asiye na mwili ananitoa kwa usafi.

Nikaenda kwa Kucha. Alikuwa anakwaruza mguu wa kitanda. Aliponitazama usoni, akaacha.

"Umevikutanisha."

"Vichukue. Sitaki hata pesa."

"Havirudi hapa, mama. Vikishakumbuka havisahau tena, na mimi nalala uwanjani humu."

"Basi nitavipasua kuni."

"Pasua. Lakini ukishapasua, yeye atakaa wapi? Sasa hivi angalau ana kabati."

Nikageuka nikarudi kwangu mikono mitupu.

Mwisho wa mwezi ukafika. Mwanangu akaja na mkewe, mchana kweupe, nyumba inang'aa hadi aibu. Mwanangu alizunguka sebule akipiga hatua ndefu makusudi, kuonyesha kwamba sasa hatua ndefu zinawezekana.

"Mama! Kumbe unaweza!"

"Nilikuzaa wewe, nitashindwa na kabati?"

Mkwe wangu akapitisha kidole mezani, akakitazama, hakina vumbi. Macho yake yakaenda mlangoni. "Mama, mbona kapu limefungwa? Umeshajiandaa kuja kwetu?"

"Za kufua hizo."

"Na mswaki?"

"Nao ni mchafu."

Akacheka, nikadhani nimepona. Kisha akatazama saa. "Mama, muda wa dawa huu. Ziko wapi nikuletee na maji?"

Nikafungua mlango wa juu wa kabati. Sahani. Mlango wa chini, mashuka. Nikaenda jikoni nikapapasa rafu, nikakuta viberiti vimejipanga. Kopo langu la biskuti lilikuwa limetupwa usiku wa kuamkia siku ile. Katika ghala langu la zamani ningezipata dawa zile nimefumba macho, na sasa, katika nyumba ambayo kila kitu kina mahali pake, sikujua mahali hata pamoja.

"Mama," mwanangu akauliza polepole, "kikombe cha maji je?"

Nikafungua droo ya meza. Uma.

Wakatazamana. Najua ule mtazamo. Ni watu wawili wanakubaliana juu yako bila kukutaja. Sauti ya mwanangu ikawa laini, ile sauti tunayowasemesha watoto wenye homa. "Si neno, mama. Ndiyo maana tunataka uwe karibu nasi. Kapu lenyewe liko tayari." Akainama, akalishika.

"Subiri nivae mtandio," nikasema, japo mtandio ulikuwa kapuni.

Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikasimama mbele ya zile droo za kijani.

"Dada," nikasema kwa sauti ya chini, "tuongee watu wazima. Wewe walikutoa kwako. Walikwambia njoo upumzike. Hivi vitu vyako vikatupwa uwanjani, kila kimoja kona yake, jua na mvua vyake. Mimi nimevikutanisha, kwa ujanja ndiyo, lakini nimevikutanisha. Sasa nisikilize. Yule aliyeshika kapu hapo nje ni mwanangu. Nikitoka leo, kesho anafunga nyumba, na keshokutwa anaita mkokoteni. Kabati litakwenda kwa mmoja, meza kwa mwingine, droo wanunue watu wa kutilia misumari na gundi. Nikitoka mimi, umetoka na wewe. Mara ya pili."

Dirisha lilikuwa limefungwa, lakini kitu baridi kilipita shingoni mwangu, kama mtu anayenikunjulia kola.

"Nataka dawa zangu," nikasema. "Sikuombi nyumba."

Droo ya katikati ikatoka yenyewe, upana wa kiganja. Haikulia. Ndani, dawa zilikuwa zimesimama wima, na kando yake kikombe safi kimefunikwa.

Nikatoka navyo. Nikameza dawa mbele yao, kichwa juu. "Nilikuwa napima subira zenu. Mmefeli."

Mwanangu hakuachia kapu. "Na kadi yako ya hospitali?"

"Hiyo pia unataka?" Nikarudi chumbani. Sikuhitaji kusema kitu. Droo ya juu ilikuwa imeshafunguka, inaningoja.

Niliporudi na kadi mwanangu aliitazama, akanitazama, akaweka kapu chini. "Basi mama, kaa. Unajua ulipoweka vitu kuliko mimi." Mkwe wangu akanikumbatia, akaninong'oneza kwamba siku moja nikampangie na kwake. Nikamwambia asiombe asichokijua.

Kapu halijafungwa tena tangu siku hiyo. Mimi niko nyumbani kwangu, nakaa. Napiga hodi nikitaka kuingia jikoni. Naomba chumvi, naomba mkasi, naomba kijiko, na mlango unafunguka pale kilipo, wakati mwingine haraka, wakati mwingine baada ya kuniacha nisimame kidogo, kama mwenye nyumba anayemkumbusha mpangaji. Nilipomwambia yule dada siwezi kuishi hivi mpaka kufa, alinipa droo ya chini, chumbani. Nayo haigusi. Humo natupa nitakacho, vifungo, ganda la sabuni, miwani iliyovunjika, vyote shaghalabaghala, na nikiifungua harufu ya ghala langu inanipiga usoni nusura nilie.

Wiki iliyopita nilikuta humo kitu kimeongezwa juu ya takataka zangu. Shuka jeupe, jipya, limepigwa pasi, halina pindo. Si langu. Nililikunjua, nikalilaza kitandani, nikalala kando yake kulipima. Kimo changu, na kipande cha kukunja kichwani na miguuni. Kumbe alikubali nikae, lakini anajua hadi lini, na hapendi kitu kikosekane siku kitakapohitajika.

Nikalichukua nikampelekea fundi cherehani.

"Shoga, kitambaa kizuri hiki! Umekipata wapi?"

"Mtumba. Nishonee pazia la jikoni. Kitakachobaki, mfuko wa vitunguu."

"Mbona unatetemeka?"

"Nafurahi."

Nikalitundika. Upepo ukipiga linajaa kama mtu anayevuta pumzi, halafu linashuka. Linapendeza, siwezi kusema uongo. Asubuhi ya leo nimelikuta kwenye droo ya chini, mshono umefumuliwa wote, na mfuko wa vitunguu umerudi kuwa kitambaa, kila kipande kimekunjwa mahali pake. Uzi umezungushwa vizuri kwenye kikaratasi.

Nimempelekea fundi ashone tena, na uzi wake nimemrudishia. Haujakatika hata mahali pamoja.