Maji ya Mabeseni Matano

Vile vizungushi vitano viliponyamaza kwa mara moja, ukimya ulioanguka ndani ya ukumbi wa parokia ulifanana na ule niliousikia zizini kwangu, asubuhi ile nilipokuta mlango wa miti umelazwa chini na ng'ombe hawapo. Maji ndani ya mabeseni yaliendelea kuzunguka kidogo, kama kwa mazoea, kisha yakatulia. Nje alisikika Guylain, fundi wa mtambo wa umeme ulio kwenye kijito.

"Swichi kubwa imeanguka! Munavuta kuran sana, bamama! Munataka kupika mulima?"

Tulicheka, maana Guylain hulalamika tunavuta umeme mwingi hata mtu akichaji simu. Kétsia, mwalimu wetu aliyetoka Goma, hakucheka. Aliitazama simu yake, kwani ndiyo iliyovipa vizungushi vyote amri. Kila kimoja kilikuwa chuma kirefu kama mkono, kimebanwa ukingoni mwa beseni, kazi yake kupasha maji, kuyazungusha na kuyashika kwenye joto moja bila kupanda wala kushuka. Ndani ya maji hayo tulisimamisha bidoni zetu za maziwa. Maziwa yanapata joto la kuua ugonjwa, yanapozwa, yanatiwa dawa ya kugandishia, yanakuwa jibini, au fromaji kama tunavyoiita. Ndilo somo lililotukusanya, wanawake watano wa kijiji cha Kingi, kila mmoja na beseni lake.

Mimi nilikuwa mkubwa kuliko wote na shule yangu ilikoma darasa la tatu. Nilikwenda kwa sababu ya jambo moja nililolisikia sokoni: kwamba katika mabeseni hayo hakuna moto. Kwetu, tangu nyumba ya mama yangu, maziwa ya ng'ombe wetu hayakuwahi kuona mwali wa moto. Mama alisema ukiyapika, kiwele kinakauka. Niliolewa na neno hilo, nikazaa nalo, nikazeeka nalo.

Na ng'ombe nilikuwa nimebaki na mmoja. Mwanangu Habineza alitaka auzwe. Barabara ya Sake, tunakouza maziwa, ilikuwa ikifungwa na kufunguliwa kama jicho la mgonjwa. Siku ya mapigano maziwa hayakushuka, na maziwa hayajui kungoja. Tuliyamwaga. "Mama," Habineza aliniambia, "ng'ombe ambaye maziwa yake inamwangika, njo tunamulindia banani? Benye bunduki?" Nikamwomba anisubirie somo la jibini. Jibini hukaa rafuni hata barabara ikifungwa. Yangu ikishika, ng'ombe atabaki. Isiposhika, amfunge kamba. Tukakubaliana hivyo, mimi na mwanangu, bila kugombana.

Basi Kétsia akatuelezea. "Kupasha maji njo kunakula kuran. Maji ikisha kupata moto, kuichunga haiombe mingi. Kwa hiyo hatutabiwasha byote pamoja. Nitaanza na moja, ikifika joto yake, ninafungua ingine."

Lilikuwa jambo la akili. Lakini lilizaa swali ambalo simu haina jibu lake: nani aanze?

Kila mmoja alikuwa na sababu. Huyu amekamua alfajiri, yule ametembea mbali na jua limepiga bidoni yake. Céline, jirani yangu, alisimama mbele ya beseni lake mikono kiunoni. Watu wake wamelima vilima hivi tangu zamani. Ng'ombe wake wa kwanza na wa pekee alimpata kwa maharage ya misimu kadhaa, yale ambayo ng'ombe wangu, walipokuwa wengi, hawakuyala.

"Simu isichague," Céline alisema. "Simu ya mwalimu haijue nani alilala njaa ao nani alishiba."

"Mama Céline, simu haiko na ndugu," Kétsia alimjibu.

"Hata bale ba barrière banasemaka hivyo."

Kicheko kikapita, lakini kilikuwa kikavu, maana wanaume wa vizuizi vya barabarani sote tuliwajua. Nikaona mambo yanaelekea kubaya, nikasema, "Mimi nitakuwa wa mwisho." Kétsia akanishukuru kwa macho. Nilirudi kwenye benchi langu nimeridhika, kitenge kimekaa sawa mabegani. Subira ni kitu nilichokijua. Nimewasubiri mume, mvua na amani, na wawili kati ya hao walikuja.

Guylain akainua swichi, kazi ikaenda vizuri. Beseni la kwanza likapata joto, likafunikwa kwa majani ya migomba, Kétsia akagusa simu na la pili likaanza kunguruma. Halafu la tatu. Bidoni zilizomaliza ziliingizwa kwenye maji baridi, wenyewe wakiimba na kuzitikisa kama watoto wanaoogeshwa. Céline akawa wa nne. Maji yake yalikuwa yamefika joto na maziwa yake ndiyo kwanza yameanza kukaa kwenye joto hilo, Kétsia ananyoosha kidole kuniwashia mimi, ndipo milio ya bunduki ikasikika juu ya kilima. Si karibu sana. Tulizoea kuipima kwa masikio, kama wengine wanavyopima ngurumo. Kisha umeme ukakatika, na safari hii Guylain hakufanya mzaha. Alikuja mpaka mlangoni.

"Maji imekatwa kule juu. Kuko bantu na bunduki ku mufereji. Mimi siende."

Hakuna aliyemlaumu.

Bidoni yangu ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Maziwa ya alfajiri. Mchana ukipita hivyo hivyo yatachacha. Kétsia akachutama mbele yangu, akaniita kama bibi yake. "Koko Thacienne, jikoni kwa baba padri kuko makaa. Tutaipasha pale pole pole. Fromaji itatoka tu."

"Maziwa yangu haionake moto, mutoto wangu."

"Koko!" Céline alidakia kutoka kwenye beseni lake. "Zile ng'ombe zako zingine, maziwa yao iliona moto siku gani? Na leo ziko wapi?"

Mtu mmoja akaguna. Yalikuwa maneno makali, lakini hayakuwa ya uongo. Ng'ombe wangu hawakuondoka kwa ajili ya mwali wowote. Waliondoka kwa amri ya watu wenye viatu vya mvua. Nilitafuta hasira nikajikuta sina. Nilichokiona badala yake ni mimi mwenyewe, nimekaa kwenye benchi, kitenge sawasawa, nikingoja mtu anihurumie. Kumbe nilipojiweka nyuma sikumwachia mtu nafasi. Nilijiepusha na kuomba. Anayekubali kuwa wa mwisho hamdai mtu, na watu wanamwita mwema. Ningekaa hivyo hivyo, mwema, mpaka Habineza aje na kamba.

Niliinuka. Magoti yalilia, nikayaacha yalie.

"Nipeni maji yenu," nilisema.

Hawakuelewa. Nikaonyesha mabeseni. Matatu yalikuwa yamekwisha kazi lakini chini ya majani ya migomba bado yalitoa mvuke. "Bidoni yangu iingie ya kwanza, ichukue joto iliyobakia. Halafu ya pili. Halafu ya tatu. Siombe moto. Ninaomba maji."

Kétsia aliangalia mabeseni, kisha akaangalia kipimajoto chake, na uso wake ukafunguka. "Inawezekana. Kila beseni itaipandisha kidogo. Lakini, Koko, ile tatu haitatosha." Akasita. "Yenye iko na moto ya kweli ni ya Mama Céline. Na maziwa yake bado iko ndani."

Nilijua. Nilikuwa nimelijua hilo kabla sijainuka. Bidoni yangu ikiingia humo italivuta joto lake chini, na maziwa yake yanaweza kuharibika pamoja na yangu. Nikamgeukia.

"Céline, dada yangu. Ninakuomba."

Kwa miaka yote tuliyopakana shamba kwa zizi, nilikuwa nimemtumia pole, nimemtumia siagi, nimemtumia watoto na salamu. Kuomba, sijawahi.

"Hivi njo sauti yako ikiombaka?" Céline alisema. "Iko ndogo hivyo?"

"Haijazoea."

Akacheka. Lilikuwa cheko lenye maji ndani yake. "Pitisha kwanza mu ile tatu. Usiniletee bidoni ya barafu, Koko. Na muharakishe, maji hainingojee."

Basi ukumbi mzima ukawa mikono. Wawili waliinua, mmoja alifunua, mwingine alifunika. Bidoni yangu ilikaa katika beseni la kwanza mpaka Kétsia alipotikisa kichwa kwamba hakuna zaidi, ikahama. La pili. La tatu. Kila mwenye beseni alichovya kiwiko na kusema joto lake limekwenda, kwa majivuno, kama mtu anayetangaza zawadi yake harusini. Tulipofika kwa Céline, alivua kitenge chake cha juu, akakizungushia beseni mara mbili, na majani yote ya migomba yakarundikwa juu. Bidoni mbili zikasimama ndani, bega kwa bega.

Kétsia aliweka kipimajoto. Alikisoma, akakifuta, akakisoma tena.

"Imeshuka kidogo," alisema. "Si mbaya. Tutaziacha zikae murefu zaidi. Joto kidogo, muda mingi."

"Muda tuko nao," nikasema, na wote wakacheka, hata Guylain mlangoni.

Milio ya kilimani ilitawanyika, ikarudi, ikatawanyika. Tulipoza maziwa mpaka yakafanana na joto la ndani ya kifundo cha mkono, tukatia dawa ya kugandishia, tukafunika. Hapo ndipo kazi ilipo ngumu kwa watu wa sauti kubwa: maziwa yanayoshika hayataki kutikiswa. Tulikaa tumeweka viganja juu ya mifuniko, tunapumua kama walio ndani ya kanisa, na kila bunduki ilipolia tuliyaangalia maziwa kabla ya kuangalia mlango.

Habineza alikuja kwa hatua nzito, viatu vina matope, kamba begani. Nilinyanyua mkono. Alisimama. Aliwatazama wanawake wote walionyamaza, akatazama mkono wangu, na bila kuambiwa akainama, akavua viatu, akaingia kwa nyayo tupu.

"Mama, bantu banashuka Sake, nitashuka nabo nimuuze. Ng'ombe nimeisha muficha mu kichaka." Alinong'ona. "Imeshika, ndiyo ao hapana?"

Nilifunua bidoni. Niliingiza kidole chini ya uso ule mweupe, nikakiinua polepole. Ukapasuka kwa mstari mmoja safi, kama ngozi ya ndizi iliyoiva, na ndani ya mpasuko yakajaa maji ya kijani hafifu. Kidole kikatoka bila kushikwa na kitu, ishara aliyotufundisha Kétsia kwamba maziwa yameshika. Nilikiinua ili akione.

Habineza alikitazama kidole hicho. Kisha akaishusha kamba begani, akaanza kuizungusha mkononi, na sauti yake ikasahau kunong'ona.

"Sasa jioni nani atamukamua?"

"Ongea pole," nikamwambia. "Ya Céline bado haijashika."