Kitanda cha Karavani

Wadha aliporudi kwao Ibra, Oman, kutoka mji wa Nizwa, alikokwenda kumtazama binti yake Maram aliyejifungua, hakuingia hata ndani. Alikwenda moja kwa moja uani kwenye karavani, kijumba cha kukokotwa na gari, akafungua mlango. Kitanda hakikuwapo.

Kitanda alichokipima mwenyewe, akakipiga msasa mwenyewe mpaka kucha zikamwisha! Mahali pake palikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana, na katikati kimeza chenye mdila wa kahawa. Mumewe, Shihab, alikuwa kapiga magoti na bisibisi mkononi, anangoja kusifiwa.

"Abu Maram, kitanda kiko wapi?"

"Hamdulillah ala salama, Um Maram. Mtoto hajambo?"

"Mtoto hajambo. Kitanda."

"Nimekikata. Mbao zake ndizo hizi. Watu wanane wanakaa, wallahi, bila ya kubanana."

Gofu hilo la magurudumu walilinunua mjini Sur kwa mzungu aliyekuwa anarejea kwao, sakafu imeoza, kuta zimevimba, panya wamejaa. Wazo lilikuwa la Wadha. Maram kaolewa, ndugu wametawanyika. Wangekwenda wawili tu kwenye michanga ya jangwa la Sharqiyah, walale na waamke bila ya yeye kupika sufuria la watu ishirini. Alilitaka jambo hilo mpaka akaona haya kulisema kwa sauti.

Lakini kila wakishika kazi ya kulitengeneza, hodi. Shihab hawezi kumwona mtu anapita asimwambie tafadhal, karibu ndani. Balaa kubwa ni jirani yao Adham. Watu wakitosheka na kahawa hutikisa finjani, na hapo mwenyeji akapata kuinuka; kabla ya hapo ni aibu. Adham hatikisi. Humnyooshea Shihab finjani mpaka adhana ya magharibi, na gundi ya madirisha inakauka kwenye bomba lake. Dirisha la nyuma bado linavuja. Na msimu wa baridi ndio huo unakwisha. Joto likishaingia, michangani hakwendeki tena.

"Wageni gani, Shihab? Kule kuna mchanga na ngamia!"

Kumwita kwa jina lake ilikuwa nadra. Shihab akaiweka bisibisi chini.

"Adham kasema atatufuata na gari lake. Yeye na wenzake."

"Umemwalika Adham!" Wadha akakamata mto wa benchi, akautupa nje uani. Akaufuatisha wa pili. "Yaani mie nimekula vumbi miezi yote hii ili nimpikie Adham jangwani?"

"Nnaogopa," alisema Shihab.

"Unaogopa nini? Ngamia?"

"Kukaa na wewe."

Wadha akabaki na mto wa tatu mkononi.

"Sikukusudia ubaya. Nyumba yetu imejaa watu tangu tuoane. Tangu Maram aondoke, mie na wewe tumezungumza nini? Nipe msumari. Shika hapa. Umekosea. Haya, tumefika huko, karavani imekwisha, hakuna cha kugombania. Nitakwambia nini?"

Wadha akauweka mto chini. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba alijaribu kukumbuka mazungumzo yao mengine, asiyaone.

Akaketi benchini. Shihab, ambaye mtu akishaketi mbele yake hajui kufanya jengine, akammiminia kahawa. Wadha akanywa.

"Kitanda utakirudisha," alisema. "Na Adham utamwambia mwenyewe kuwa haji."

"Nitamwambia vipi?"

"Sijui. Mie nimekasirika, usiniulize."

Ndipo sauti ya Adham ikasikika mlangoni mwa ua: hodi, wenyewe, hodi!

Uso wa Shihab ukanawiri. Tayari alikuwa ameinuka nusu, mdomo wazi kuitikia, na Wadha akamwona anavyomponyoka. Alitaka kumpigia kelele. Badala yake akamnyooshea finjani tupu, mkono umetulia, bila ya kuitikisa.

Shihab akaitazama finjani. Hodi ikapigwa tena. Akaketi, akashika mdila, akamimina.