Hodi ya Tatu

Usingizi wa mtu aliyenuna huja kwa shida, na wa Bi Mwanamvua wa Tanga mchana ule ulimkuta bado amekunja uso. Yeye na wifi yake, Bi Siwema, walikuwa ndani ya meli ya matembezi iliyokuwa ikiteremka taratibu kwenye mto mmoja wa Ulaya, zawadi ya watoto wao, na kila mto ulipopinda ilitokea ngome nyingine ya kale juu ya kilima. Asubuhi, kwenye ngome mojawapo, Bi Mwanamvua alikiona kijumba cha mawe kilichochomoza ukutani, akakipenda, akasema bila shaka malkia alikuwa akikaa pale kupunga upepo. Akasimama chini yake apigwe picha, mtandio kautengeneza vizuri. Kumbe kijumba kile kilikuwa choo. Bi Siwema alijua, akanyamaza, akapiga picha, kisha akaituma kwenye kundi la ukoo: "Wifi yangu chini ya choo cha mfalme." Kutaniana ni haki ya mawifi, lakini hili lilipita mpaka. Bi Mwanamvua akajifungia chumbani, akaapa hatasema naye mpaka Tanga, na hata huko ataangalia.

Usingizini akajikuta kwenye meli nyingine, isiyo na abiria, usukani umeshikwa na mama mnene mwenye kanga mbili na kicheko kisichokwisha. "Mimi Bashasha," alisema mama yule. "Kaa hapa mbele, mwanangu, uone watu wanavyojipa tabu." Wakapita mji wa Majigambo, ambao nyumba zake ndefu za mbao zilipakwa rangi mbele tu, nyuma hazina hata ukuta, na wenyeji wakipunga mikono kwa uangalifu wasije wakageuka. Wakapita mji wa Umbeya, ambako kengele za mnara ziligonga habari za jirani badala ya saa. Bi Mwanamvua alicheka mpaka akasahau kwamba amenuna. Ndipo ikatokea ngome kubwa kuliko zote, na meli ikaanza kuvutwa kuielekea.

"Ya nani hiyo?"

"Ya Kinyongo. Chumba chako kiko tayari."

Kinyongo alikuwa bwana mwembamba, mpole kupita kiasi. Alimpandisha hadi chumba chenye matakia laini, na ukutani ilitundikwa picha yake chini ya choo, kubwa kama mlango. "Hapa utaitazama kila siku, bibi," alisema, "wala hakuna atakayekulazimisha kusahau." Dirishani alikaa bibi kizee mwenye mvi tupu, macho yake mtoni.

"Unamngoja nani, mwenzangu?"

"Dada yangu. Aje aniombe radhi."

"Hajaja?"

"Alikuja. Alipiga hodi mara tatu, sikumwitikia, akaenda zake, kama adabu inavyotaka. Nilikuwa msichana wakati huo."

Na hapo hapo, chini getini, ikasikika sauti anayoijua: "Hodi!" Alikuwa Siwema.

"Mwache kidogo," Kinyongo alinong'ona. "Aonje na yeye."

"Hodi!"

Kutoka melini Bashasha alimwita, safari hii bila kucheka. "Mwanangu, geti hilo halina kitasa, nje wala ndani. Hufunguka kwa neno moja, nalo unalijua tangu utotoni." Lakini macho ya Bi Mwanamvua yalirudi kwenye ile picha ya ukutani. Akamkumbuka Siwema siku ya kuzaliwa kifungua mimba wake, alivyomshika mkono na kumtania mpaka yeye akacheka katikati ya uchungu. Alimpenda wifi yule, basi, alimpenda sana.

"Hodi!"

"Karibu!" alipiga kelele Bi Mwanamvua, na kelele hiyo ndiyo iliyomwamsha.

Mlango wa chumba ukafunguka. Bi Siwema aliingia na kikombe cha chai na kipande cha keki, uso umemshuka. "Hiyo ilikuwa hodi yangu ya tatu," alisema. "Mguu mmoja nilishaugeuza."

Bi Mwanamvua alimtazama, akamkumbuka yule bibi wa dirishani, akaelewa jinsi miaka yote ile ilivyopotea kwa kukosa neno moja.

"Nisamehe, wifi yangu," alisema Siwema. "Ile picha nimeifuta."

"Umeifuta?" Bi Mwanamvua alipokea chai, akasogea kumpa nafasi ya kukaa. "Irudishe upesi. Mtandio ulinikaa vizuri."